Mama wa mawese angekaa wapi katika nchi bora ya Plato?

MWAKA jana wakati wa likizo nilikuwa kwenye foleni pale Mugina, upande wetu wa mpaka na Tanzania, nikiwa na mizigo miwili ya vitenge vya mke wangu. Mbele yangu alisimama mama mmoja anayefanya biashara ya mawese kutoka Kigoma, mzoefu wa njia hii kuliko mimi. Foleni ilikuwa haisogei. Nikatoa kitabu mkobani nikaanza kusoma.

"Mwalimu, hicho kitabu kinasema nini?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba kimeandikwa na Plato, Mgiriki wa kale, aliyejaribu kupanga nchi bora itakuwaje: nani atawale, nani apigane vita, nani alime, na mali igawanywe vipi.

Akasikiliza kwa makini, kisha akauliza: "Na sisi watu wa mpakani, alituweka wapi?"

Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu foleni ilianza kusogea. Makala haya ni jibu kamili ninalodaiwa.

Kitabu chenyewe nilikifahamu kambini mkoani Kigoma, kwa mwalimu wetu aliyekimbia vita akiwa na sanduku la vitabu vya Kifaransa. Nilikuwa kijana niliyepoteza nchi, na ile habari ya nchi ambayo kila mtu ana mahali pake ilinivutia sana. Nilirejea nyumbani mwaka 2004. Tangu hapo nimekisoma tena mara nyingi, na siku hizi kinachonivuta ni kitu ambacho zamani sikukiona kabisa. Ni nyumba ambamo mazungumzo yanafanyika.

Nyumba ya mgeni bandarini

Kitabu hicho, kiitwacho Jamhuri, kiliandikwa karibu mwaka 375 KK. Kinaanza na safari ya miguu. Socrates, mwalimu wa Plato, ameteremka kutoka mji wa Athens hadi bandari ya Piraeus, mwendo wa kilomita kama nane, kutazama sikukuu ya Bendis, mungu wa kike aliyeletwa pale na watu wa Thrace. Wakati wa kurudi anazuiwa njiani na kijana aitwaye Polemarchus, naye anapelekwa nyumbani kwake. Humo ndimo nchi bora inamopangwa, tangu mwanzo hadi mwisho wa kitabu.

Polemarchus ni mtoto wa mzee Cephalus, mwenyeji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Mzee huyo alihamia Athens baada ya kushawishiwa na Pericles, kiongozi mkubwa wa wakati ule, akaishi pale miaka 30. Familia ilikuwa na kiwanda cha ngao na fedha nyingi. Lakini hawakuwa raia.

Watu wa Athens walimwita mtu wa namna hiyo metoikos, yaani mgeni mkaazi. Mwanamume mgeni mkaazi alilipa kodi ya kichwa ya drakma 12 kwa mwaka, wakati ambapo fundi stadi alipata kama drakma moja kwa siku. Alitakiwa awe na raia wa kumdhamini. Vita ikija, aliitwa jeshini. Hakupiga kura, wala hakuruhusiwa kununua shamba au nyumba bila kibali maalumu. Msomaji uliyewahi kuishi kwa kibali katika nchi ya watu, sina haja ya kukueleza zaidi.

Mzee Cephalus anazungumza kidogo tu. Anasema faida kubwa ya mali ni kumwezesha mtu mwema kufa bila kudaiwa, si na miungu wala na wanadamu. Kisha anaondoka kwenda kutoa sadaka, wala hatumsikii tena. Mtoto wake mwingine, Lysias, ametajwa kwa jina kuwa yupo pale chumbani. Kitabu kizima kinakwisha hajasema neno hata moja. Baada ya mabishano ya mwanzo, kazi ya kupanga nchi inabaki kwa Socrates na ndugu wawili wa Plato, Glaucon na Adeimantus, wote raia.

Dhahabu, fedha, shaba na chuma

Nchi waliyoipanga ina matabaka matatu. Juu wapo watawala, ambao wamesomeshwa miaka mingi. Chini yao wapo askari. Chini kabisa wapo wote waliobaki: wakulima, mafundi, wenye maduka, wasafirishaji wa bidhaa. Kila mtu afanye kazi moja inayomfaa, na asiingilie ya mwenzake. Hiyo ndiyo maana ya haki kwa mujibu wa kitabu.

Tusimwonee Plato. Hakuwapangia watawala wake maisha ya anasa. Aliwakataza kuwa na nyumba zao, mashamba yao, hata kugusa dhahabu na fedha. Wanakula pamoja kama askari kambini, na wanachopewa na wananchi kinatosha kwa mwaka tu. Mwenye madaraka hana mali, na mwenye mali hana madaraka. Tena alisema mwanamke mwenye uwezo asomeshwe, apigane na atawale sawa na mwanamume, na hilo alilisema Athens, ambako wanawake hawakuwa na kura kabisa. Kuna nchi nyingi leo ambazo zingeona haya zikisoma kurasa hizo.

Lakini watu watakubalije kugawanywa hivyo? Hapo Plato anapendekeza uongo wenye manufaa. Wananchi wote waambiwe kwamba ni ndugu, wamezaliwa na ardhi moja. Ila mungu alipowaumba, wengine aliwachanganyia dhahabu, hao watawale. Wengine aliwatia fedha, hao wawe askari. Wakulima na mafundi aliwatia chuma na shaba. Anakiri kwamba mtoto wa dhahabu anaweza kuzaliwa katika nyumba ya chuma, na wa chuma katika nyumba ya dhahabu, na kwamba mtoto kama huyo ahamishwe tabaka bila huruma. Pamoja na hayo, ni hadithi ya damu. Sisi wa ukanda huu tunajua hadithi za watu kuumbwa tofauti zinakoishia, hata zinapoanza kwa kusema wote ni ndugu.

Na wachuuzi? Plato anawatenganisha na wafanyabiashara wanaosafiri kutoka mji hadi mji. Wale wanaokaa sokoni kutwa nzima wakinunua na kuuza, anasema, katika miji iliyopangwa vizuri ni watu dhaifu wa mwili wasiofaa kwa kazi nyingine. Nilipomsomea mama wa mawese sehemu hiyo, aliitazama ile mitungi yake ya lita 20, akanitazama mimi, akacheka.

Kilichoipata nyumba ile

Sasa jambo ambalo kitabu hakisemi, ingawa kila msomaji wa Athens alilijua.

Mwaka 404 KK Athens ilishindwa vita na Sparta. Wakatawala watu 30 waliowekwa kwa nguvu ya Sparta, historia inawaita Madhalimu Thelathini. Kiongozi wao mkali kuliko wote, Critias, alikuwa binamu wa mama yake Plato. Walihitaji fedha, na wageni wakaazi matajiri walikuwa karibu.

Habari hii tunayo kutoka kwa Lysias mwenyewe, yule aliyenyamaza, katika hotuba aliyoitoa mahakamani baadaye. Anasema walikubaliana kukamata wageni kumi, wawili kati yao wawe maskini, ili watu wasiseme kwamba kinachotafutwa ni mali. Walimkuta Lysias nyumbani akiwa na wageni mezani. Akamwahidi mmoja wao talanta moja ya fedha ili amwachie. Talanta moja ni drakma 6,000. Alipofungua sanduku mtu yule aliona ndani talanta tatu za fedha, sarafu 400 za Cyzicus, sarafu 100 za dhahabu za Uajemi na vikombe vinne vya fedha. Akachukua vyote. Lysias akaomba angalau abakiziwe nauli, akaambiwa ashukuru kama atabaki na roho yake.

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua hiyo sanduku. Ina fedha za nchi tatu kwa sababu mwenye nayo hana hakika kesho atalala nchi gani.

Lysias alitoroka kwa mlango wa nyuma, akapanda chombo usiku hadi Megara. Ndugu yake Polemarchus, mwenye nyumba ya kitabu, alikamatwa barabarani. Alinyweshwa sumu bila kusomewa shitaka. Familia ilikuwa na nyumba tatu, na hawakuruhusiwa kumzika kutoka hata moja. Ilibidi wakodi kibanda. Zilichukuliwa ngao 700 na watumwa 120. Mmoja wa wale Thelathini alimvua mke wa Polemarchus hereni za dhahabu masikioni.

Hao watumwa 120 nao tusiwapite haraka. Familia iliyoonewa ilikuwa imesimama juu ya migongo ya watu wengine, na hao hakuna kitabu kilichouliza maoni yao.

Mwaka uliofuata waliokimbia walirudi na silaha, na utawala wa watu ukarejeshwa. Lysias alikuwa amewachangia fedha na ngao. Kiongozi wao, Thrasybulus, alipendekeza kwamba wote waliorudi pamoja naye kutoka Piraeus wapewe uraia, wakiwemo wageni. Mwanasiasa mmoja aitwaye Archinus alilipinga pendekezo mahakamani kwamba utaratibu haukufuatwa, na likafutwa. Lysias aliishi maisha yake yote yaliyobaki akiwaandikia raia hotuba za mahakamani, yeye mwenyewe akiwa si raia.

Plato aliyajua haya yote. Aliandika kitabu chake miaka kama 30 baadaye, akachagua nyumba ile ile iwe mahali pa kuulizia haki ni nini. Wapo wanaosema alifanya hivyo kwa makusudi, kama mtu anayewasha taa juu ya kaburi. Huenda. Lakini katika mpango aliouandika, wenye nyumba wangekuwa tabaka la chini.

Ukirejea, unapimwa

Uzeeni Plato aliandika mpango wa pili, Sheria, kitabu chake cha mwisho. Safari hii wazee watatu wanatembea katika kisiwa cha Crete wakipanga mji mpya uitwao Magnesia. Hapa ndipo mama wa mawese angehangaika zaidi.

Mji uwe kilomita kama 14 kutoka baharini, kwa sababu bandari huleta biashara, na biashara huleta hila. Kaya ziwe 5,040, hesabu inayogawanyika kwa 1 hadi 10 bila kubaki. Kila kaya ipewe shamba, na shamba hilo halinunuliwi wala haliuzwi. Yapo matabaka manne kwa kiasi cha mali, lakini tajiri asizidi mara nne ya thamani ya shamba moja. Ziada inakwenda kwa dola na kwa miungu. Ushuru wa kuingiza na kutoa bidhaa haupo kabisa. Hadi hapo wengi tungesaini.

Kisha soma kuhusu fedha. Raia awe na sarafu ya ndani tu, ambayo nje haina thamani. Akilazimika kusafiri aombe ruhusa, na akirudi na fedha ya kigeni aibadilishe serikalini. Akikutwa ameficha, inataifishwa. Tena jirani aliyejua asiseme naye analaaniwa na kutozwa faini isiyopungua fedha ile.

Soma kuhusu safari. Aliye chini ya miaka 40 haruhusiwi kwenda nje, wala hakuna safari ya shughuli binafsi. Mtu wa zaidi ya miaka 50 anaweza kutumwa kutazama sheria za wengine. Akirudi afike mbele ya baraza kuu aeleze aliyoyaona. Wakimwona amerudi ameharibika, asishirikiane na mtu yeyote akijifanya mwenye hekima. Akitii, aishi kimya. Asipotii, akathibitika mahakamani kwamba anaingilia mambo ya elimu na sheria, auawe.

Niliposoma sehemu hiyo nilikumbuka miezi yangu ya kwanza baada ya kurejea, jinsi tulivyotazamwa tuliokuja tukisema Kiswahili cha Kigoma. Hakuna aliyetuua. Lakini tulipimwa.

Soma kuhusu mgeni mkaazi. Aje na ufundi wake, ajiandikishe, asitozwe kodi ya kichwa. Ila baada ya miaka 20 achukue mali yake aondoke.

Na soma kuhusu soko. Biashara ya rejareja ni ya wageni peke yao. Raia akishikwa anachuuza, kifungo cha mwaka mmoja, akirudia, miwili, na kila mara kinaongezeka maradufu. Bei itajwe moja kwa siku nzima, bila kupandisha wala kushusha, bila kuapa wala kusifia bidhaa. Anayeuza bidhaa ya udanganyifu achapwe fimbo kwa hesabu ya drakma alizotaka, baada ya mpiga mbiu kutangaza kosa lake. Hilo la mwisho mama wa mawese alilikubali mara moja, maana wako wanaochanganya mafuta.

Wengine walisemaje

Plato hakuwa peke yake. Phaleas wa Chalcedon alitaka mashamba ya raia yawe sawa. Ili kufika huko bila ugomvi alipendekeza kwamba katika ndoa matajiri watoe mahari wala wasipokee, na maskini wapokee wala wasitoe. Wazo zuri. Lakini mafundi wote, katika mpango wake, wawe watumwa wa dola.

Hippodamus wa Miletus, yule aliyepima mitaa ya Piraeus, alipanga mji wa watu 10,000 wenye matabaka matatu: mafundi, wakulima na askari, wote wakipiga kura. Aristotle alimpinga kwa hoja ambayo nadhani bado ina uzito: wasio na silaha watakuwa watumwa wa wenye silaha, hata wakiwa na kura.

Aristotle huyo alizaliwa Stagira, kaskazini, na Athens aliishi kama mgeni mkaazi. Hata hivyo katika nchi yake bora raia hawi fundi, wala mchuuzi, wala mkulima; mashamba yalimwe na watumwa. Ametaja pia sheria ya mji wa Thebes kwamba asiyekaa mbali na soko kwa miaka kumi asipewe cheo.

Aliyeiona kasoro hii mapema alikuwa mchekeshaji. Karibu mwaka 391 KK Aristophanes alionyesha mchezo ambamo wanawake, wakiongozwa na Praxagora, wanateka bunge na kutangaza mali yote ni ya wote. Praxagora anaulizwa nani atalima. Jibu: watumwa. Na yupo bwana mmoja anayekataa kupeleka vyombo vyake kwenye ghala la wote, lakini wa kwanza kukimbilia karamu ya wote.

Ukiweka mipango hii kwenye meza moja, inafanana. Usawa upo, tena mwingine wa kina kuliko tunaouthubutu leo. Lakini ni usawa wa walio ndani ya duara. Nje ya duara yupo anayelima, anayebeba na anayevuka mpaka na mzigo.

Kwa upande wangu, niliporejea nilikuta shamba la baba lina mtu. Wazee walikaa wakaamua tugawane nusu kwa nusu. Vipande vilikuwa sawa, nilivipima kwa kamba. Jirani yangu si mtu mbaya na tunasalimiana. Lakini kikao kilikuwa kimefanyika kabla sijafika, na kipande chenye kisima kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Ndiyo maana siku hizi nikimsoma Lysias amekaa kimya katika nyumba ya ndugu yake, nasimama pale muda mrefu.

Alilolikiri mzee

Nimalizie kwa jambo la haki kwa Plato. Katika kitabu kile kile cha Sheria anasimama ghafla na kukiri kwamba uchuuzi kwa asili yake ni jambo jema. Mchuuzi huchukua kitu kilichojaa mahali pamoja na kukisawazisha kwa wote wanaokihitaji. Anasema kama watu bora kabisa, wanaume kwa wanawake, wangelazimishwa kwa muda kuuza maduka na kuendesha nyumba za wageni, tungeiheshimu kazi hiyo kama tunavyomheshimu mama na mlezi. Kisha anaogopa mawazo yake mwenyewe, anasema jambo hilo haliwezekani, na anaendelea na vifungo.

Karne nyingi baadaye mwandishi Plutarch alieleza habari iliyosimuliwa, kwamba Plato alipokwenda Misri gharama za safari alizipata kwa kuuza mafuta ya zeituni huko.

Nilimsimulia mama wa mawese hilo tulipokutana tena pale pale mpakani. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ndivyo inavyosimuliwa.

"Kwa hiyo aliuza mafuta kama mimi," akasema. "Sasa mbona hakutuandika vizuri?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake. Lakini nililichukua. Siku atakapokuja mtu kwenye kilima chenu, ushirika wenu au soko lenu akiwa na mpango wa watu wote kuwa sawa, msikilizeni, maana mipango ya namna hiyo tunaihitaji. Kisha mwulizeni mambo mawili kabla ya kupiga makofi: katika hesabu ya "wote" ni nani hayumo, na kikao cha kugawa kitafanyika lini, ili nasi tuwepo.